Hizbullah ndani ya tamthilia ya Homeland

Homeland ni tamthilia ya kijasusi ya Marekani iliyoanza mwaka 2011 katika stesheni ya Showtime, ikitokana na Hatufim ya Israel. Adui wa misimu ya mwanzo ni Abu Nazir, kiongozi wa kubuniwa wa al-Qaeda.

Msimu wa pili, mwaka 2012, Abu Nazir anakwenda Beirut kukutana na kamanda wa Hizbullah. Hizbullah si ya kubuniwa. Ni kundi la Mashia lililozaliwa Lebanon baada ya uvamizi wa Israel wa 1982, likisaidiwa na Iran. Lina wapiganaji, na tangu 1992 lina wabunge. Marekani huliita la kigaidi. Al-Qaeda ni ya Kisunni, na tawi lake la Iraq liliwalipua Mashia hata misikitini. Tamthilia inawakutanisha kana kwamba ni ndugu.

Mtaa wa Hamra, wenye mikahawa na maduka, umeonyeshwa kama ngome ya watu wenye bunduki, na picha zenyewe zilipigwa Israel. Waziri wa Utalii wa Lebanon, Fadi Abboud, alitishia kushtaki. Mwaka 2015 wasanii walioajiriwa kuchora maandishi ya Kiarabu ukutani waliandika kuwa Homeland ni ya kibaguzi. Yakarushwa hewani hivyo hivyo.

Hizbullah siitetei. Nachelea mtazamaji asiyeweza kuwatenga hao wawili; kesho atawezaje kumtenga gaidi na kijana wetu wa kanzu anayekwenda kuswali?