Taka za Mji na Mfuko wa Mchuuzi



Katika miaka ya 1960 mji wa Mbale, ulio chini ya Mlima Elgon, ulisifiwa kwa usafi kote Afrika Mashariki. Jinja nayo, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, ilistawi kwa viwanda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Biashara nyingi zilizorota, na usafi wa miji ukazorota pamoja nazo.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliyakabidhi mabaraza ya miji kazi ya kuzoa taka. Lakini lori haliendi bila mafuta. Mchuuzi anayelipia uzoaji hulipia safari ya lori kuliko taka zenyewe. Asiyemudu hutupa mferejini usiku, na mvua ikinyesha humrudishia mlangoni.

Baadaye Jinja na Mbale zilijengewa vituo vya kugeuza taka kuwa mboji, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hilo lilikuwa na maana, kwani taka nyingi za sokoni ni maganda na majani. Zikitengwa, mzigo wa lori hupungua na shamba hupata rutuba.

Askari akimkamata mtupaji, ametimiza sheria. Lakini pingu hazizoi taka. Kambini usafi hugawanywa kwa zamu. Mjini gharama nayo igawanywe kwa haki: mwenye kiwanda alipe ya kiwanda, na muuza ndizi alipe ya ndizi.