Kitenzi Kimoja, Matini Mbili: Kazi ya Balozi Antonelli katika Baraza la Menelik

Wanahistoria wa diplomasia ya Afrika katika karne ya 19 wameshughulikia sana majeshi, mipaka na biashara. Lugha zilizotumiwa katika mapatano hayo zimechunguzwa kwa kiasi kidogo zaidi, kana kwamba lugha ni chombo kisicho na athari kwa kinachobebwa ndani yake. Kazi ya Hesabu Pietro Antonelli, mjumbe wa Italia katika baraza la Mfalme Menelik wa Shewa, ambaye baadaye alikuwa Maliki Menelik wa Pili wa Ethiopia, inatoa ushahidi wa kinyume. Mkataba aliousimamia ulizua mgogoro uliofikia vita, na kiini cha mgogoro huo kilikuwa kitenzi kimoja.

Antonelli, mpwa wa Kadinali Giacomo Antonelli, aliingia Shewa mwaka 1879 akihusishwa na msafara wa Shirika la Jiografia la Italia. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi alikwenda na kurudi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na pwani ya Bahari ya Shamu, na taratibu akawa mtu anayesikilizwa barazani. Mwaka 1883 alifanikisha mkataba wa urafiki na biashara kati ya Italia na Shewa. Mwaka 1887 yakafuata mapatano ya siri ambayo kwayo Italia iliahidi kumpatia Menelik bunduki 5,000 za aina ya Remington. Mapatano hayo yalikuwa na shabaha iliyo wazi. Italia ilikuwa imeuteka mji wa Massawa mwaka 1885 na kupata pigo kubwa huko Dogali mwezi Januari 1887. Kwa hiyo ilihitaji mshirika dhidi ya Maliki Yohannes wa Nne. Menelik naye alihitaji silaha, na alijua kwamba anayezitoa ana haja yake.

Kifo cha Yohannes katika vita vya Metemma, mwezi Machi 1889, kilibadili hali yote. Menelik alijitangaza kuwa mfalme wa wafalme, na tarehe 2 Mei 1889, mahali paitwapo Wuchale, mkataba mpya ukatiwa sahihi. Kwa mkataba huo Italia ilipata kutambuliwa katika sehemu ya nyanda za juu za kaskazini, eneo ambalo mwaka 1890 lilipewa jina la Eritrea. Menelik alipata urafiki wa dola moja ya Ulaya katika kipindi ambacho kiti chake kilikuwa bado hakijaimarika.

Ibara ya 17 ndiyo iliyoleta balaa. Matini ya Kiamhari ilisema kwamba mfalme *anaweza* kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na wafalme na serikali nyingine. Matini ya Kiitaliano ilisema kwamba *anakubali* kuitumia. Kwa sikio la haraka, tofauti hiyo ni ndogo. Kisarufi na kisheria, ni kubwa. Kitenzi cha uwezekano humwachia mtendaji hiari: akitaka atafanya, asipotaka ataacha. Kitenzi cha ridhaa, kikiwekwa katika mkataba, hugeuka kuwa ahadi, na ahadi ya namna hiyo hudaiwa. Katika matini ya kwanza Italia ni mtumwa wa barua anayeweza kuitwa au kutoitwa. Katika matini ya pili ni mlango pekee wa kutokea.

Mkalimani wa Menelik katika mazungumzo hayo alikuwa Grazmach Yosef Negusie, na mfalme aliweka muhuri wake akiamini kwamba matini zote mbili zilisema jambo moja. Nani alijua nini siku ile ni suala lililozua mjadala mrefu. Mwaka 1964 Sven Rubenson aliichambua ibara hiyo kwa kulinganisha matini na barua za kibalozi, na mwaka uliofuata Carlo Giglio akamjibu. Mjadala wao ulihusu zaidi nia ya wahusika. Lakini hata nia ikiwekwa kando, matumizi ya ibara hiyo hayana utata. Tarehe 11 Oktoba 1889 serikali ya Waziri Mkuu Francesco Crispi ilizitaarifu dola za Ulaya, kwa kufuata kifungu cha 34 cha Mkataba Mkuu wa Berlin wa 1885, kwamba mahusiano ya nje ya Ethiopia yangepitia Italia. Kwa lugha ya wakati ule, Ethiopia ilikuwa imetangazwa kuwa nchi iliyo chini ya himaya.

Menelik hakuambiwa hivyo na Antonelli. Alikuja kujua kwa njia ya barua. Baada ya kutawazwa huko Entoto mwezi Novemba 1889, aliwaandikia watawala wa Ulaya kuwaarifu habari hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Malkia Victoria wa Uingereza alimjibu kwamba mawasiliano yao yangepitia serikali ya Italia. Mwezi Septemba 1890 Menelik alimwandikia Mfalme Umberto wa Italia akieleza kwamba matini ya Kiamhari haikuwa na sharti la namna hiyo.

Antonelli alirudishwa barazani mwishoni mwa mwaka 1890 ili kuitetea ibara ile. Safari hii mambo yalimgeuka. Mwezi Februari 1891 alitia sahihi hati mpya ya Kiamhari, akidhani kwamba inaiacha ibara ya 17 kama ilivyokuwa. Baadaye akabaini kuwa neno lililoandikwa lilikuwa na maana ya kuitangua. Aliikana hati hiyo na kuondoka nchini, na kazi yake ya miaka mingi ikaishia hapo. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa hatari ya kutia sahihi katika lugha usiyoimiliki. Safari hii aliyenaswa hakuwa Mwafrika.

Mwaka 1893 Menelik aliukana mkataba wote. Vita vilivyofuata vilifikia kilele huko Adwa tarehe 1 Machi 1896, ambapo jeshi la Italia lilishindwa vibaya. Miongoni mwa silaha za Ethiopia zilikuwamo bunduki zilizoletwa na Antonelli mwenyewe. Mkataba wa Addis Ababa wa tarehe 26 Oktoba 1896 uliufuta ule wa Wuchale na kuutambua uhuru kamili wa Ethiopia.

Adwa huelezwa, kwa haki, kuwa ushindi wa silaha. Hata hivyo, hoja ambayo Ethiopia iliitetea kwa silaha ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka saba kabla yake. Ibara ya 19 ya mkataba ule ule ilizipa matini mbili hadhi sawa: zote zilikuwa rasmi, na hakuna iliyoitawala nyingine. Bila ibara hiyo, malalamiko ya Menelik yangeweza kuitwa kutoelewa. Kwa kuwa ilikuwapo, yalikuwa pingamizi la kisheria, lenye karatasi na muhuri.

Mfano wa Usagara unaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1884 Carl Peters aliwafikia watawala wa bara la Tanzania ya leo, akiwemo Mangungo wa Msovero, akiwa na hati za Kijerumani ambazo maana yake iliwafikia kwa kinywa cha mkalimani. Kiswahili kilikuwa kimekuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu kabla ya karne ya 19, lakini katika hati zile hakikupewa nafasi ya matini rasmi. Shuleni Mangungo husemwa kuwa alidanganywa, na ni kweli. Lililo la msingi zaidi ni kwamba hakubakiwa na maandishi ya kumkosoa aliyemdanganya. Maneno yaliyosemwa kwa mkalimani yalipotea hewani, na yaliyobaki yalikuwa ya upande mmoja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ethiopia ilikuwa na daftari, tena katika lugha yake. Daftari peke yake halikuzuia vita, wala halikumzuia Antonelli kuandika kitenzi kingine upande wa pili wa karatasi. Lilichofanya ni kuhifadhi ushahidi kwamba mfalme alikubali jambo jingine. Wanaojadili leo nafasi ya Kiswahili katika mikataba, mahakama na mabunge ya Afrika Mashariki wana sababu ya kuirejea ibara ya 17 pamoja na ile ya 19. Ya kwanza inaonyesha jinsi tafsiri inavyoweza kuinyang'anya nchi uhuru wake. Ya pili inaonyesha kwa nini lugha ya wenye nchi haifai kuishia kuwa tafsiri tu ya matini ya mwingine.