Haya na Ukweli: Daktari Levick na Pengwini wa Cape Adare

Mficha uchi hazai. Methali hii husemwa kwa mtu aonaye aibu kueleza haja yake mbele ya mwenye uwezo wa kumsaidia. Maneno yake ni machache, lakini yamekusanya pamoja mambo mawili yapendayo kugombana katika maisha ya binadamu: haya, ambayo ni pambo la mwungwana, na uzazi, ambao hauwezekani sitara isipoondolewa. Elimu nayo ina uzazi wake. Huzaliwa na jicho lililotazama na kalamu iliyoandika. Kalamu ikiona haya kuandika kile ambacho jicho lilikwisha kukiona, elimu huharibika kabla ya kuzaliwa. Habari za Daktari George Murray Levick, aliyewatazama pengwini wakijamiiana pembeni mwa barafu ya Antaktika mwaka 1911, ni ushahidi wa jambo hili.

Levick alizaliwa mwaka 1876, akawa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1910 alichukuliwa katika msafara wa Kapteni Robert Falcon Scott uliokwenda Ncha ya Kusini. Alipewa kazi ya kutibu watu na kuchunguza viumbe. Yeye na wenzake watano, chini ya uongozi wa Victor Campbell, walitengwa na msafara mkubwa, wakateremshwa Cape Adare katika Februari 1911. Huko walijenga kibanda, wakapisha miezi ya giza na dhoruba wakiungojea mwanga. Levick alikuwa pia mpiga picha wa kikundi hicho. Ufundi huo alikuwa amefundishwa na Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara mzima. Kazi ilikuwa ngumu, kwa kuwa vidole hufa ganzi katika baridi ile na chombo chenyewe kilihitaji utulivu. Hata hivyo, Levick alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kwa penseli tarehe ya picha, kitu kilichopigwa, na kadiri ya mwanga ulioruhusiwa kuingia katika kamera.

Katika Oktoba 1911 pengwini walianza kuja. Hawa walikuwa pengwini wa Adélie, ndege waliopata jina lao kutokana na Adèle, mke wa Dumont d'Urville, baharia wa Ufaransa aliyefika pande za Antaktika mwaka 1840. Cape Adare ni mojawapo ya makao makubwa kabisa ya ndege hawa duniani. Walitoka baharini juu ya barafu, safu baada ya safu, hata ufuko uliokuwa kimya miezi mingi ukajaa kelele kama soko.

Levick alikaa kati yao akatazama. Aliona kwamba dume na jike hufanana, wala jicho la mtu haliwezi kuwatenga upesi. Aliona kwamba mali ya pengwini ni kokoto. Barafu inapoyeyuka, maji hutiririka ardhini, na yai lisiloinuliwa juu ya kokoto hupoa likaoza. Kwa hiyo kokoto huokotwa, huletwa kwa mwenzi, hupigiwa vita, na huibiwa. Jirani mmoja akigeuza shingo, mwingine hunyakua jiwe akaenda zake kwa mwendo wa mtu asiye na hatia. Levick alipaka baadhi ya kokoto rangi nyekundu ili apate kujua wizi huo wafika wapi, naye akazikuta zimetapakaa kutoka kiota kimoja hata kingine. Alitazama namna wawili wanavyokutana, wakasimama uso kwa uso, wakanyosha shingo na kupaza sauti pamoja. Alitazama mayai mawili yakiatamiwa kwa zamu, mmoja akifunga kula siku nyingi huku mwenziwe akitafuta chakula baharini. Alikaa hivyo majira ya joto ya mwaka 1911 hata mwanzo wa 1912, akayaona mambo ya uzazi wa kundi lile tangu mwanzo wake.

Lakini si yote aliyoyaona yalikuwa ya kupendeza. Kulikuwa na madume wasio na wenzi, waliozurura pembezoni mwa viota. Baadhi yao walipanda mizoga ya majike waliokufa na kuganda katika barafu. Wengine waliwaendea majike walioumia wasioweza kukimbia. Wengine walipandana dume kwa dume. Hata makinda waliopotea njia hawakusalimika. Levick alishtuka. Alikuwa mtu wa zama zake, aliyelelewa katika adabu ya Uingereza ya Malkia Victoria, na mkono wake ukasita. Alipofika kwenye mambo haya aliacha herufi za Kiingereza, akaandika baadhi ya maneno kwa herufi za Kiyunani, ili asiweze kuyasoma ila mtu aliyesoma sana.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawatastaajabu sana kwa tendo hilo. Mambo ya unyumba yana lugha yake. Somo amfundishapo mwari hasemi naye kwa maneno ya sokoni. Hutumia fumbo, wimbo na ishara, wala hasemi mbele ya kila mtu. Fumbo si uongo. Fumbo ni mlango wenye ufunguo, na mwenye haki ya kuingia hupewa ufunguo huo kwa wakati wake. Herufi za Kiyunani za Levick zilikuwa fumbo la namna hiyo. Aliona haya kusema, lakini hakuthubutu kuacha kuandika. Katika hili alistahili sifa, maana haya ilimchagulia maneno, lakini haikumfuta jambo.

Basi daftari zake zilipita katika mashaka makubwa. Katika Januari 1912 watu wale sita walihamishiwa mahali pengine pwani kwa uchunguzi wa majuma machache. Meli iliyotakiwa kuwachukua ilizuiwa na barafu. Walichimba pango katika theluji, wakaishi humo majira yote ya baridi, chakula chao nyama ya sili na ya pengwini, mwanga wao mafuta ya sili. Walitoka pangoni mwisho wa Septemba, wakaenda kwa miguu, wakafika kibanda cha msafara huko Cape Evans tarehe 7 Novemba 1912. Mwishoni mwa safari hiyo ndipo walipojua kwamba Scott na wenziwe hawakurudi kutoka Ncha ya Kusini. Watu sita walioandamwa na njaa na baridi namna ile walirudi wote hai.

Lakini kilichosalimika katika theluji ya Antaktika hakikusalimika mezani London. Mwaka 1914 Levick alitoa kitabu juu ya maisha ya pengwini kwa ajili ya watu wote, chenye picha nyingi alizopiga mwenyewe. Humo aliwataja wale madume wazururaji kama wahuni, akasema kwamba makosa yao hayakuwa na nafasi katika kitabu kile. Mwaka 1915 ilitoka taarifa yake ya kitaalamu, iliyochapwa na Makumbusho ya Uingereza. Hapa palikuwa mahali pa wataalamu, walio na ufunguo wa kila fumbo, lakini hata hapa sehemu ya kujamiiana iliondolewa. Sidney Harmer, mkuu wa idara ya wanyama katika makumbusho hayo, alitaka sehemu hiyo ikatwe, zichapwe nakala chache kwa matumizi ya ndani. Zikachapwa nakala 100 za kurasa nne, na juu yake yakaandikwa maneno ya kukataza zisitangazwe.

Yafaa kutowacheka watu hawa. Vitabu vya viumbe vilisomwa na watoto, na makumbusho yalihofia jina lake. Walakini kosa lao lina mzizi unaofaa kufukuliwa. Levick mwenyewe aliwahukumu pengwini kama hakimu awahukumuvyo watu. Aliwaita wahuni, akaona uovu katika matendo yao, kana kwamba ndege amepewa sheria akaivunja. Makumbusho nayo yalificha kwa sababu hiyo hiyo: yalidhani kwamba jambo la aibu kwa mtu ni la aibu kwa ndege, na aibu ya ndege humwangukia amtajaye. Hukumu na kuficha ni ndugu wawili. Anayehukumu haraka hana haja ya kutazama zaidi, na anayeficha humzuia mwingine asitazame.

Mfano mwingine wa miaka ile ile waonyesha hasara iliyopatikana. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1912, Julian Huxley alikaa kando ya mabwawa ya maji ya Tring, kaskazini ya London, akamtazama kibisi mwenye kishungi. Dume na jike wa ndege huyu hutikisiana vichwa, hupiga mbizi, kisha huinuka kifua kwa kifua juu ya maji, kila mmoja ana magugu mdomoni. Charles Darwin alikuwa amedai mwaka 1871 kwamba mapambo ya wanyama mengi yametokana na uchaguzi wa mwenzi. Huxley alitaka kuona uchaguzi huo ukitendeka. Aliandika aliyoyaona, pamoja na kupandana kwenyewe, akayachapa mwaka 1914. Makala yake yalizaa wanafunzi, na wanafunzi wakazaa wanafunzi, hata uchunguzi wa tabia za wanyama ukawa elimu kamili yenye walimu na vyuo.

Wawili hawa walitazama karibu wakati mmoja, wote kwa subira, wote kwa makini. Neno la mmoja lilitangazwa, likazaa. Neno la mwingine lilifungiwa, likakaa tasa. Wachunguzi waliokwenda Antaktika katika miongo iliyofuata waliwakuta pengwini wakitenda mambo yale yale, wakalazimika kuanza upya, kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Levick aliishi hata mwaka 1956, miaka 41 baada ya kurasa zile kuchapwa, wala hazikutoka gizani.

Zilitoka kwa mkono wa Douglas Russell, mtunza mayai na viota vya ndege katika makumbusho hayo hayo, ambayo hazina yake ya ndege sasa imewekwa Tring, mji ule ule wa vibisi wa Huxley. Russell alikuta nakala moja kati ya karatasi za kale. Akishirikiana na William Sladen na David Ainley, waliowachunguza pengwini wa Adélie kwa miaka mingi, aliichapa pamoja na maelezo mwaka 2012. Ndipo yale yaliyomtisha Levick yalipopata maana yake. Jike wa Adélie aliye tayari humkaribisha dume kwa kulala kifudifudi, macho nusu wazi. Jike aliyekufa akaganda hulala vivyo hivyo. Dume kijana, asiye na uzoefu, huiona ishara akaifuata, wala hana akili ya kuuliza kama aliye mbele yake yu hai. Katika majaribio ya Ainley, hata kichwa cha pengwini kilichogandishwa, kikasimamishwa kwa waya na jiwe likawekwa badala ya kiwiliwili, kilitosha kumvuta dume. Hapana uhuni hapo. Pana kiumbe kinachotii ishara katika nchi ambako majira ya kuzaa ni mafupi, na anayechelewa hapati kitu.

Katika kiangazi cha kusini cha 2012 na 2013, theluji iliyeyuka kando ya kibanda cha Cape Evans ikafichua daftari dogo. Lilikuwa daftari la picha la Levick, lile alimoandika tarehe na mwanga kwa penseli. Kurasa zake zilikuwa zimegandamana kwa maji ya miaka 100. Zilitenganishwa moja moja na mafundi huko Ufaransa, na habari zake zikatangazwa mwaka 2014. Maandishi yalisomeka.

Barafu ilificha daftari bila kukusudia, ikalirudisha. Watu walificha makala kwa kukusudia, na kama si jicho la mtunza mayai mmoja pengine yangalibaki yamefichwa. Hapa pana funzo kwa kila atazamaye maisha ya viumbe, awe na kalamu au kamera. Kamera haina haya, lakini mkono unaoishika unayo, na ni mkono huo unaoamua nini kipigwe na nini kiwekwe kando. Haya ina haki ya kuchagua lugha, mahali na msikilizaji. Haina haki ya kufuta kilichotokea. Levick alilijua hilo wakati ule alipotafuta herufi za Kiyunani badala ya kuweka penseli chini. Wakubwa wake walilisahau walipoandika katazo juu ya kurasa zake, na elimu waliyodhani wameisitiri ikangoja karibu miaka 100 kuzaliwa.