Joka la China na ng'ombe wa chuma wa Karagwe

Kimya kingi kina mshindo, wanasema, ila leo sina mshindo, nina deni.

Nilipokuwa TP Kasulu nilifundisha Historia Kidato cha Kwanza. Siku moja nikawapa mfano wa China kwa mbwembwe zote: enzi ya Shang, kama mwaka 1600 hadi 1046 K.K., mafundi wakimimina shaba nyeusi iliyoyeyuka kwenye kalibu za udongo. Walitoa vyombo vya kuwatolea mababu chakula na kinywaji, vimejaa majoka na nyuso za macho makubwa. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme, lilipofukuliwa Anyang mwaka 1976 lilikuwa na vitu zaidi ya 400 vya shaba hiyo.

Kengele ikalia. Binti mmoja akanifuata mlangoni: "Mwalimu, na huku kwetu hawakutengeneza kitu?"

Nikamjibu, "Huku walifua majembe na mikuki tu." Akasema haya, akaenda zake.

Hiyo "tu" imeninyima usingizi. Nimerudi chuo, nikaingia maktaba, nikakutana na Karagwe. Na mimi ni mtu wa Kibondo! Ukishika njia ya Kakonko na Nyakanazi ukazidi kupanda kaskazini, ndiko huko. Mfalme Rumanyika alimpokea Speke mwaka 1861. Stanley alipofika mwaka 1876 akaonyeshwa hazina yake, pamoja na ng'ombe na bata wa shaba. Wapo pia ng'ombe wadogo wa chuma, pembe ndefu kama za wale wanaotuzibia barabara nyumbani.

Sasa sikilizeni. Joka la Shang lilimiminwa. Pembe hizi zilipigwa: fundi anapasha moto, anagonga, anavuta chuma kidogo kidogo, akikosea inakatika.

Na nyundo yenyewe ilikuwa alama ya ufalme. Rwanda, kaburi la mfalme Rujugira lilipochimbwa mwaka 1969, alikutwa amelazwa na nyundo mbili za chuma chini ya kichwa. Anayegeuza jiwe kuwa jembe ana nguvu, na mfalme alitaka ionekane ni yake. Kumbe hata jembe halikuwa "tu".

Likizo nitashukia Kasulu kwanza kabla ya kufika nyumbani. Jibu la yule binti ninalo, na msamaha nitamwomba.

Haya, tuonane kantini.