Moto Mmoja, Chungu Kimoja

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, safari ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa ya miguu. Msafara uliweza kuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Lakini jioni hawakula kama umati. Waligawanyika katika kambi ndogo ndogo, kila kambi na moto wake na chungu chake.

Injili nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 1879 wamisionari wa London walianza kazi Urambo. Mwaka 1898 Wamoraviani wakaipokea. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Tabora, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kazi ikabaki mikononi mwa Wakristo wenyeji.

Somo hilo ni urithi wa jumuiya za Kilutheri zikutanazo nyumba kwa nyumba. Ibadani mtu aweza kukosekana Jumapili tatu asiulizwe. Katika jumuiya pengo lake huonekana siku iyo hiyo. Ushirika wa watakatifu hukiriwa na usharika mzima, bali hukomaa kati ya wachache wanaojua nani anaugua, nani hajala, na nani amechoka kuomba.