Dhiki na Furaha: Lugha ya Imani katika Sarang'ombe

Methali isemayo kwamba baada ya dhiki faraja imezoeleka mno hata ni nadra msemaji kuyachunguza maneno yake. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu. Dhiki, katika maana yake ya awali, ni ufinyu wa mahali, kubanwa. Faraja imetokana na mzizi wenye maana ya kufunguka, kuachana kwa vitu vilivyobanana. Lakini neno linalobeba methali nzima ni lile dogo, baada. Methali hupanga mambo kwa zamu: kwanza kubanwa, kisha kufunguliwa, na katikati ni subira. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Wakristo wa Sarang'ombe, Kibera, ni warithi wa mapokeo mawili ya Afrika Mashariki ambayo hayakuukubali mpango huo wa zamu, na kwamba jambo hili limeacha alama katika Kiswahili chao.

Yafaa kwanza mahali penyewe paelezwe. Sarang'ombe ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra, jijini Nairobi, na ndani yake mna vijiji kama Gatwekera, Kianda na Soweto Magharibi. Ardhi ya Kibera ilikaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la Keya, Waislamu wenye asili ya Sudani, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Kukaa waliruhusiwa, kumiliki hawakumilikishwa. Hati ya jumuiya yao ilitolewa mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288. Wahamiaji waliofika baada ya uhuru wa 1963, wengi wao kutoka Nyanza na Magharibi, walipanga vyumba juu ya ardhi ambayo hata wenye nyumba hawakuwa na hakika nayo. Chumba cha kawaida ni futi kumi kwa kumi. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalibomoa makazi, shule na makanisa ya Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Katika mazingira kama haya neno dhiki limerudia maana yake ya kwanza: ni ufinyu unaopimika kwa futi.

Mapokeo ya kwanza yametoka Nyang'ori, katika Kenya ya Magharibi. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, na mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ya ardhi iliyokuwa imetungwa miaka miwili tu iliyotangulia, ili wachimbaji Wazungu wapate nafasi ndani ya maeneo ya wenyeji. Kodi ya kibanda ilidaiwa vilevile, na bei za mazao zilikuwa zimeanguka. Mwaka huohuo wa 1932 Zakayo Kivuli, aliyekuwa msimamizi wa shule za misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alipata kile wafuasi wake walichokiita kushukiwa na Roho. Mwaka 1942 alianzisha kanisa lake, African Israel Church Nineveh, bila ya ugomvi mkubwa na Otto Keller, mkuu wa misheni hiyo. Mambo mawili ya kanisa hili yanahusika hapa. La kwanza ni ungamo: dhambi hukiri hadharani, na Ijumaa, siku ya kusulubiwa kwa Yesu, hupewa heshima ya pekee. La pili ni maandamano. Waumini waliovaa kanzu nyeupe na vilemba hushika njia kwa bendera, ngoma na nyimbo, wakirukaruka kwa furaha. Ikumbukwe kwamba wanaosherehekea hivyo ndio walewale wanaoitukuza siku ya msalaba. Shangwe yao haikungojea Jumapili ya Pasaka.

F. B. Welbourn na B. A. Ogot, walioliandikia kanisa hili kitabu mwaka 1966, waliona ndani yake jitihada ya watu kutafuta mahali pa kujisikia wako nyumbani. Maelezo haya yana nguvu, hasa kwa mtu aliyehamia mjini. Hata hivyo yanaeleza zaidi kile ambacho mwumini anakitafuta kuliko kile anachokitangaza. Kundi linapotoka katika vyumba vya futi kumi na kuijaza barabara kwa ngoma, linafanya tendo la hadharani, tena mbele ya jirani Mwislamu, mpita njia na askari.

Mapokeo ya pili ni Uamsho, uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937. Mkutano wake mkubwa wa 1949 ulifanyika Kabete, si mbali na Kawangware. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wengi wa ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na baadhi yao wakakataa pia kuchukua silaha za serikali. Waliouawa waliuawa wakiwa hawana upande wa kuwalinda. Ndugu hawa ndio walioeneza salamu ya Bwana asifiwe, maneno kama kuokoka na kutembea nuruni, na zaidi ya yote utanzu mzima wa fasihi simulizi ambao wahakiki wa Kiswahili wameupuuza bila sababu ya kutosha, yaani ushuhuda.

Ushuhuda una muundo wake. Msemaji husimama, husalimu kwa kumsifu Bwana, kusanyiko huitikia, naye hujitaja jina na kutangaza kwamba ameokoka. Ukisikilizwa kwa makini, nyakati za vitenzi hugawana kazi. Dhambi husimuliwa kwa -li-: nilikunywa, niliiba, nilimchukia. Wokovu hutangazwa kwa -me-, tendo lililokwisha na ambalo hali yake ingalipo. Taabu, nayo, hutajwa kwa wakati uliopo: ninadaiwa kodi, mtoto anaumwa, kazi sina. Na furaha hutajwa kwa wakati huohuo wa taabu. Kiunganishi baina yao aghalabu ni lakini au na. Ni mara chache kuwa baada ya hapo. Sarufi ya ushuhuda, kwa hiyo, inaipinga methali.

Huenda ikadaiwa, kama ilivyodaiwa mara nyingi katika vyuo vikuu vyetu, kwamba furaha ya namna hii ni kasumba inayomtuliza mnyonge asidai haki. Hoja hii haistahili kupuuzwa. Mwenye nyumba hunufaika na mpangaji mtulivu. Lakini kasumba humsahaulisha mtu maumivu yake, na ushuhuda humtaka ayataje kwa jina, kwa kiasi cha fedha, mbele ya watu. Jirani aliyesikia kwamba kodi haijalipwa hawezi tena kusema hakujua. Michango ya matibabu na mazishi mara nyingi huanzia hapo, katika kikao kilekile cha sifa.

Linalostahili mashaka zaidi ni mahubiri mapya ya mafanikio, ambayo vipaza sauti vyake sasa husikika kote mjini Nairobi. Msamiati wake ni wa kufunguliwa, kuvunja laana na kupanda mbegu, na mbegu yenyewe ni sadaka ya fedha. Kwa sura ni lugha ileile ya furaha. Kwa muundo imerudi kwenye zamu: toa leo, utafurahi kesho. Tofauti na methali ni kwamba methali haikumdai msikilizaji kitu ila subira. Asiyefunguliwa huambiwa kwamba imani yake ni haba, na hivyo taabu yake hugeuka kuwa aibu, jambo asiloweza kulitaja. Katika makusanyiko ya aina hii ushuhuda hutolewa na waliokwisha kupata; taabu nayo imehamia kwenye -li-, na yule ambaye bado anadaiwa kodi hukaa kimya kwenye benchi.