Gharama ya Upepo wa Loiyangalani

Kusini-mashariki mwa ziwa ambalo Count Teleki na mwenziwe von Höhnel walilifikia mwaka 1888 wakalipa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, nalo likadumu na jina hilo hata serikali ya Kenya ilipolibadili kuwa Turkana mwaka 1975, ipo Loiyangalani, nchi kavu ya mawe meusi ambayo upepo wake ni nadra kutulia, kwa kuwa milima ya Uhabeshi upande mmoja na ya Kenya upande wa pili imeacha baina yake ujia, na hewa itokayo mashariki ikipenya humo huzidi kasi. Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wameuzoea upepo huo tangu dahari, wala haukuwa na bei.

Waliokuja kusimika mitambo ya umeme wa upepo waliupata upepo bure; ardhi haikuwa bure, ila ilitwaliwa kana kwamba haina mwenyewe. Kwa sheria ya wakati ule nchi za wafugaji zilikuwa ardhi ya amana, na Halmashauri ya Marsabit haikuwa mmiliki bali mwekewa amana, aliyelazimika kutangaza, kusikiliza na kulipa fidia kabla ya kutenga hata kipande. Hata hivyo ekari 150,000 zilikodishwa kwa miaka 33, na wakazi walioshitaki baadaye walidai kwamba hawakushauriwa. Watetezi wa mradi husema kuwa mitambo yenyewe, 365 kwa idadi na yenye jumla ya megawati 310, imekalia sehemu ndogo mno ya eneo hilo, na ni kweli. Basi ekari hizo nyingine zilikodishwa kwa ajili gani? Kijiji cha Sarima, kilichokuwa ndani ya eneo hilo, kilihamishwa.

Taksiri ya pili ilikuwa katika nyaya. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kufika Suswa, masafa ya zaidi ya kilomita 400, ambayo serikali ilikuwa imeahidi kuijenga, haikuwa tayari, kwani kampuni ya Kihispania ya Isolux iliyopewa kazi ilifilisika kabla ya kuimaliza, ikabidi Wachina waitwe. Na maadamu mkataba uliibebesha serikali dhima ya ucheleweshaji, umma ukatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja, hadi Septemba 2018 gridi ya taifa ilipoupokea. Benki ya Dunia, ikihofu kwamba nchi ingefungwa kulipia umeme isiouhitaji, ilikuwa imejitoa tangu mwaka 2012, nayo haikusikizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure: usiku, mahitaji yanapopungua, umeme wa upepo ukiwa lazima ununuliwe, visima vya mvuke vya Olkaria ndivyo hupunguziwa kazi, na mvuke, ambao nao ni nishati safi, huachwa upotee hewani.

Juu ya ndege nitasema machache. Huko Kajiado, kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, tai mzoga wanaotoweka barani wanaruka karibu na mapanga ya mitambo, na imebidi waajiriwe watu wa kuangaza mbingu mchana kutwa ili mtambo usimamishwe ndege anapokaribia. Ujira wao nao ni sehemu ya bei ya umeme.

Siukatai upepo, wala sioni kwamba moshi wa mafuta mazito ni bora kuliko mapanga haya. Ninalolikataa ni hisabu inayoandika moshi uliookolewa na kuacha malisho yaliyopotea. Wakazi wa Marsabit walifungua daawa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikahukumu Oktoba 2021 kwamba hati za ardhi hazikupatikana kwa njia ya sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kuzirekebisha. Na baina ya daawa na hukumu mitambo yote ilikwisha kusimikwa, kuunganishwa na kuzinduliwa na Rais.